Funda la Maji

Alipiga funda la maji, akalibana mashavuni, akainama juu ya kola ya shati na kupuliza. Zamani maji yalimtoka kama ukungu. Ndiyo maana pale kwenye duka la dobi walimbandika jina la Umande. Siku hizi yalitoka matone mazitomazito, na moja lilimtiririka kidevuni. Pafu moja haliwezi kazi ya mawili. Akajifuta kwa kiwiko, akashika mpini wa pasi ya mkaa.

"Mama, acha hilo shati," msimamizi alisema akiwa mlangoni. "Na hayo maji yaliyobaki kwenye kikombe, yamwage."

"Limebaki kola tu, mwanangu."

"Liache. Litarudi kwenye beseni, lifuliwe upya."

Kwenye meza ya pili Chiriku alimeza maji aliyokuwa nayo mdomoni. Wapiga pasi wote pale walipuliza hivyo, tangu enzi za baba wa tajiri mwenye duka, na hakuna mteja aliyewahi kuuliza mate ni ya nani.

Msimamizi alisogea. Umande ndiye aliyemfundisha kukunja mikono ya shati, na bado alimwita mama. "Mimi natumwa tu. Kuna wateja wamesema hawataki nguo zao zipuliziwe na mapafu ya sigara."

"Sigara? Mimi?"

"Lisemwalo lipo, mama."

"Na lisilosemwa je?" Chiriku alidakia. "Huyu hata mshumaa ukizimwa anapiga chafya. Sigara kaijulia wapi?"

"Wanawake huvutia chooni," msimamizi alijibu bila ukali, kama anayetaja bei ya sabuni. "Tajiri amesema meza hii apewe mwingine. Leo."

Umande aliirudisha pasi kwenye kiti chake cha chuma. Meza ile ya dirishani ilikuwa yake tangu wanawe hawajaota meno. Wamesoma kwa meza ile, na baba yao alizikwa kwa meza ile. Akifukuzwa hapa, nani angempokea fundi anayepumzika kila baada ya shati?

Swali la sigara alikuwa amelizoea. Hospitalini daktari alianza nalo. "Ulianza lini kuvuta?" Alipojibu kwamba hajawahi, daktari alitabasamu: "Mumeo hayupo hapa, sema tu." Chumba cha jirani alilazwa Mzee, kaka yake tajiri, mzungu kama tajiri mwenyewe, mtu aliyekuwa akiwashia sigara moja kwa kipisi cha nyingine. Daktari ni yuleyule, mlango ulikuwa wazi, na Umande alisikia: "Pole sana, Mzee. Maumivu yalianza lini?"

Walipopona, kila mmoja kaondolewa pafu moja, Mzee aliwekewa kiti chenye mto barazani mwa duka. Wateja walimpa mkono, wakamwita shujaa, wakamletea matunda. Umande alitengewa kikombe, kikafungwa uzi mwekundu kwenye kishikio chake ili mwingine asikosee.

Lakini Mzee hakuwa mtu mbaya. Walipokuwa wakijifunza kutembea tena, kila mmoja kashika ukuta wa wodi, alikuwa amemwambia, "Mimi na wewe sasa ni pacha wa kisu kimoja." Basi Umande alivua aproni, akaenda barazani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, pacha. Unapumua?"

"Kwa zamu. Leo pafu, kesho imani."

Mzee alicheka mpaka akajishika ubavu. Umande akamngoja atulie.

"Wananitoa mezani, Mzee. Nakuomba neno moja. Mwambie ndugu yako sikuvuta, na kwamba ugonjwa wetu hauambukizi. Wewe wanakusikia."

Mzee alitazama uani, kwenye banda la bati linakowashiwa mkaa wa pasi. Moshi ulikuwa ukitoka huko na kuingia moja kwa moja chumba cha kupigia pasi, kama mtu mwenye nyumba yake.

"Nikisema hukuvuta," alisema taratibu, "watu watauliza ni moshi gani uliokuua pafu. Umelifikiria hilo?"

"Nimelifikiria."

"Ndugu yangu atafungiwa duka. Na wenzako watakula nini?" Alichukua chungwa, akaligeuzageuza, akalirudisha. "Niachie mimi. Hutafukuzwa. Nakuahidi."

Naye alitimiza ahadi. Alasiri msimamizi alikuja akitabasamu.

"Mama, una bahati! Mzee kakupigania kweli kweli. Unabaki. Utahamia bandani, kuwasha mkaa. Kule hakuna mteja wa kukuona, wala maji hupulizi."

"Na mkaa haupulizwi?"

Meza ya dirishani akapewa Chiriku.

"Shoga, sikuiomba," Chiriku alisema.

"Najua. Basi waambie. Umefanya kazi ubavuni mwangu miaka yote."

Chiriku alimtazama msimamizi, naye msimamizi akamtazama. Chiriku akainua kikombe, akapiga funda la maji, na mdomo wake ukajaa.

Bandani hamkuwa na dirisha. Pasi zilipangwa kando ya ukuta, vifuniko wazi. Umande alipiga magoti, akapanga mkaa, akawasha, akapepea kwa kipande cha boksi. Moshi ukapanda kwanza, moto ukasitasita. Akainama apulize. Pumzi ikamkatikia njiani, kikohozi kikamkunja, mkono ukaenda wenyewe kwenye kovu la upasuaji ubavuni.

Aliposimama, Mzee alikuwa hatua chache nje ya mlango, na mfuko wa machungwa mkononi.

"Umeona? Nilikwambia nitazungumza naye."

"Ahsante, Mzee. Karibu ndani."

Mzee alikuwa tayari ameziba pua kwa leso. "Hapana, mama. Daktari amenikataza moshi."

Akauweka mfuko chini, mbali na masizi, akarudi barazani polepole, akiulinda ubavu wake.

Mpaka duka linafungwa, zilikuwa zimeshika moto pasi tatu tu. "Hizo nyingine utawasha kesho," msimamizi aliita kutoka uani. "Uwahi, moshi uwe umekwisha wateja wakifika."

Umande alijibu ndiyo, lakini sauti haikufika mlangoni. Akapiga magoti tena, akaanza kupanga mkaa wa asubuhi.