Bustani ya Kuazimwa

Lupakisyo alifika Kilosa akiwa manamba, ameletwa kwa lori kutoka Rungwe pamoja na wenzake arobaini kuja kukata mkonge. Mkataba ulipokwisha, wenzake wengi walirudi kwao. Yeye alibaki, kwa sababu kwao ndugu walikuwa wengi na ardhi ilikuwa kidogo. Alichukua kipande, ile kadi ya siku thelathini waliyopewa vibarua, kisha akamleta mkewe Raheli.

Walipewa chumba kambini. Vyumba vilipangwa mstari mmoja, mbele vumbi, nyuma vyoo, na hapakuwa na mahali pa kupanda hata shina moja la mchicha. Raheli alijaza udongo kwenye debe bovu, akapanda vitunguu. Mbuzi wa mnyapara akavila.

Jumapili moja Lupakisyo alitembea kufuata mto Mkondoa hadi nje ya mpaka wa mkonge, akitafuta ndizi za kununua. Akamkuta mtu wa rika lake akipalilia bustani nyuma ya nyumba ya udongo. Mtu huyo aliitwa Mwinshehe, mwenyeji wa hapo, akiishi na mama yake Bi Semeni. Lupakisyo alisalimu, akanunua mkungu mmoja, lakini hakuondoka. Alikuwa akiitazama migomba.

"Kaka, usinichukie," akasema. "Migomba yako inanyongana."

"Inanyongana vipi?"

"Shina hili lina machipukizi tisa. Kwetu tunaacha matatu tu. Mengine tunayang'oa, tunakwenda kuyapanda kwingine."

Mwinshehe aliangalia shina, akamwangalia mgeni, akampa jembe. Jioni hiyo mashina kumi na mawili yalikuwa yamesafishwa, na Raheli kule kambini alianza kudhani mumewe ameliwa na mamba.

Jumapili iliyofuata Lupakisyo alirudi bila kuitwa. Ya tatu, Bi Semeni alimwita barazani. Lupakisyo akachuchumaa, kama afanyavyo mtu wa kwao mbele ya mkubwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unamsaidia mwanangu, nawe huna hata tuta moja. Pale kando ya bustani yetu pana kipande kimelala. Ardhi hii ni ya ukoo wa mama yangu, kwa hiyo sikupi, nakuazima. Lima, mle na mkeo. Siku ukirudi kwenu, utaiacha."

"Nimesikia, mama."

Ndivyo zamu ilivyoanza. Jumapili hii walilima kwa Mwinshehe, Jumapili ijayo kwa Lupakisyo. Lupakisyo alimfundisha mwenzake kupanda migomba kwenye mashimo yenye samadi. Mwinshehe alimfundisha mambo ya mto: asipande kitu chochote karibu na ukingo kabla ya Aprili kwisha, na maji yakishashuka, asichelewe kupanda kunde kwenye tope. Mwaka wa pili Lupakisyo alijenga kibanda pembeni ya bustani yake, akahama kambini. Kazi ya mkonge hakuiacha. Alfajiri alikwenda kukata, saa saba alikuwa amerudi, mikono imechomwa na miiba.

Raheli alipojifungua, Bi Semeni ndiye aliyempokea mtoto. Alikaa naye siku saba, akampikia uji, akamwogesha mtoto. Mtoto aliitwa Lea. Mwinshehe alimwita mchumba.

Mwaka wa tatu kampuni ya mkonge ilitaka ardhi zaidi kando ya mto. Kabla ya wapimaji kuja na minyororo yao, alitumwa karani, kijana wa misheni aliyeitwa Gabrieli. Alimkuta Lupakisyo peke yake, akimwagilia nyanya.

"Kampuni inataka kuwapa vibarua wake bustani," Gabrieli akasema, akifungua daftari. "Tunaandika nani analima wapi. Ukisema sawasawa, unaweza kupewa hapa moja kwa moja, kwa karatasi."

Lupakisyo aliweka kopo chini. "Kwa karatasi?"

"Kwa karatasi. Unalima hapa tangu lini?"

"Miaka mitatu sasa."

"Hapa tu?"

"Hapa na kule kwa Mwinshehe. Tunapokezana."

"Unamlipa mtu kodi yoyote?"

"Hapana. Silipi."

"Nyumba hii umejenga mwenyewe?"

"Kwa mikono yangu."

Gabrieli aliandika. Neno *nimeazimwa* lilikuwa limemkaa Lupakisyo mdomoni. Alilihisi kabisa. Lakini aliwaza karatasi yenye jina lake, aliwaza Lea, aliwaza mstari ule wa vyumba kambini, akalimeza. Akatia kidole gumba kwenye wino.

Jioni Mwinshehe aliporudi kutoka sokoni, Lupakisyo hakumwambia kitu.

Miezi miwili baadaye watu wa kando ya mto waliitwa kwenye baraza. Alikuwepo Mzungu wa kampuni, amekaa kwenye kiti cha kukunja, na jumbe amesimama kando yake. Jumbe alisema ardhi ile imeonekana ni wazi, inalimwa na vibarua wa mkonge wasiomlipa mtu, na imeshaamuliwa huko juu kwamba itaingizwa ndani ya shamba. Watu wakanung'unika. Ndipo Gabrieli akasoma majina. Alipofika la Lupakisyo, alisoma taratibu: kibarua huyu mwenye kipande analima hapo miaka mitatu, amejenga nyumba, analima pia bustani ya jirani yake Mwinshehe, na halipi kodi kwa mtu yeyote.

Mwinshehe aligeuka. Walikuwa wamekaa bega kwa bega, kama kawaida yao.

"Ulisema hivyo?"

"Nilisema."

"Hukusema nani alikupa?"

"Hakuniuliza."

Mwinshehe akageuza uso mbele. Bi Semeni alikuwa amesimama tayari.

"Mimi nimezaliwa pale," akamwambia jumbe. "Mama yangu amezikwa pale, nyuma ya migomba. Wewe mwenyewe umekula mahindi yangu."

"Ni kweli, bibi. Una karatasi?"

Bi Semeni alikaa chini polepole, mkono mmoja ukiwa juu ya kichwa cha mwanawe.

Wakapewa muda hadi mavuno. Anayetaka kubaki, wakasema, achukue kipande cha kazi ya mkonge, naye atagawiwa bustani kama vibarua wengine. Mwinshehe alimwinua mama yake, wakaondoka.

Kesho yake Lupakisyo alikwenda ofisini kwa Gabrieli. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ile ardhi niliazimwa," akasema. "Sikusema vizuri. Andika kwamba niliazimwa na Bi Semeni."

Gabrieli hakuwa mtu mbaya. Alifunga mlango, akashusha sauti. "Naweza kuandika barua, na huenda wakaisikiliza. Lakini ukisema bustani si yako, jina lako linatoka kwenye orodha, na kibanda kinabomolewa. Utarudi kambini. Kafikiri, uje kesho."

Usiku huo Raheli alimsikiliza hadi mwisho. Lea alikuwa amelala mgongoni pake.

"Yule mama ndiye aliyempokea mtoto huyu," akasema.

"Najua."

"Kama unajua, unaniuliza nini?"

Asubuhi Lupakisyo alichukua kisu chake cha kukatia mkonge. Njia panda ya kwenda ofisini aliipita, akaenda kazini. Siku iliyofuata vilevile. Mpaka Jumamosi hakuna aliyemuuliza, wala Raheli.

Jumapili ilikuwa zamu ya kulima kwa Lupakisyo. Hakutazamia mtu. Jua lilipochomoza alimwona Mwinshehe anakuja, jembe begani, amevaa kaptura yake ya kazi. Mwinshehe alisalimia, akaingia kwenye matuta, akaanza kulima. Lupakisyo naye akachukua jembe. Walilima sambamba, tuta kwa tuta. Zamani wangekuwa wamesimuliana habari za juma zima.

Saa nne Raheli alileta magimbi na chai.

"Karibu, shemeji."

"Ahsante, shemeji. Leo nimekula nyumbani."

Hakuwahi kukataa chakula cha Raheli. Raheli aliondoka na sahani, akafunga mlango wa kibanda.

Walipofika mwisho wa bustani, Mwinshehe alisafisha jembe lake kwa kijiti, akitoa udongo wote hadi kwenye mpini.

"Zamu yangu nimeimaliza," akasema. "Hatudaiani."

"Ndugu yangu, ngoja. Twende tukaseme pamoja. Nitasema mbele yao kwamba niliazimwa."

Mwinshehe alimtazama. "Ungetaka kusema, ungekuwa umeshasema. Ofisi haiko mbali."

Lupakisyo alitaka kujua kama mwenzake amesikia habari za ile barua ya Gabrieli, au amebahatisha. Hakuthubutu kuuliza.

Baada ya mavuno Mwinshehe alimchukua mama yake, wakaenda Zombo kwa wajomba zake, wakitembea kwa miguu na mizigo kichwani. Nyumba yao ikabomolewa. Bustani yao ikakatwa vipande vinne, wakapewa watu wa kambini. Watu hao walikuja na kuondoka kadiri kadi zao za kazi zilivyokwisha, na hakuna hata mmoja aliyetaka zamu. Lupakisyo alilima peke yake. Karatasi aliipata, akaihifadhi ndani ya Biblia ya Raheli. Ilisema anaruhusiwa kulima kwa muda wote atakaokuwa mfanyakazi wa kampuni, na kwamba kampuni ikihitaji mahali hapo, ataondoka. Alisomewa na mwinjilisti mara mbili.

Mwaka uliofuata mpita njia alileta habari kwamba Bi Semeni ni mgonjwa mahututi. Raheli alikuwa mjamzito, hakuweza kwenda. Lupakisyo aliomba ruhusa kwa mnyapara, akatembea siku nzima.

Alipofika Zombo, alikuta Bi Semeni amefariki asubuhi ile, na Mwinshehe amekaa kati ya wajomba zake. Mwinshehe alisimama, akampa mkono, akauliza hali ya Raheli na mtoto. Kisha akawageukia wajomba.

"Huyu alikuwa kibarua wa mkonge kule Kilosa," akasema. "Marehemu alimfahamu."

Wakamkaribisha kwenye mkeka, wakamletea maji. Nyuma ya nyumba vijana walikuwa wanachimba kaburi, wakipokezana, mmoja akichoka mwingine anaingia. Lupakisyo aliona aliyekuwa shimoni anaishiwa pumzi. Akainuka, akavua koti, akanyoosha mkono kupokea jembe.

"Wachimbaji wapo," Mwinshehe akasema kwa upole, mbele ya watu wote. "Mgeni apumzike."

Lupakisyo akavaa koti lake, akarudi mkekani. Mzee mmoja aliyekuwa jirani yake akamuuliza njia ya Kilosa ikoje siku hizi, akajibu kwamba ni kavu, inapitika.