Lalamiko la Zamani Kwanza

Jumatatu saa mbili asubuhi, karani wa Ofisi ya Malalamiko ya Haki alibandika tangazo mlangoni kwa gundi ya unga. Lilisema kwamba malalamiko yatasikilizwa kwa kufuata tarehe ya kuonewa, la zamani kwanza. Mkurugenzi alitaka kumaliza viporo. Hakuna aliyekumbuka kuandika zamani hiyo ianzie mwaka gani, na sahihi ilishatiwa.

Saa nne wafu wakaanza kufika.

Mama Pacha, mshonaji, alikuwa wa kwanza kwenye benchi tangu alfajiri. Mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa na siku ya tisa katika seli ya kituo cha polisi, ng'ambo ya barabara. Aliuliza kiwandani kwa nini mwenzao aliyeungua mikono amefukuzwa kazi. Basi, hilo ndilo kosa. Sheria ilitaka afikishwe kwa hakimu ndani ya siku mbili. Sheria yenyewe ilitundikwa ukutani pale ofisini, na kioo cha fremu yake kilipanguswa kila Ijumaa. Barua moja yenye mhuri ingetosha kumtoa. Jana yake alipompelekea chakula alimkuta akikohoa damu, na tangu hapo hofu ilikuwa haimtoki.

"Sogea kidogo, mama," karani alimwambia. "Babu huyu ni wa zamani zaidi."

Babu alikuwa mfyatua matofali aliyekufa enzi za wafalme wa kwanza. Penye kitambulisho karani alipiga mstari. Penye tarehe aliandika "zamani mno".

"Sheria yetu ilichongwa kwenye jiwe, mwanangu," babu alieleza. "Ukimng'oa tajiri jino, na wewe unang'olewa. Tajiri akiling'oa la mtumwa, anatozwa faini, tena inalipwa kwa bwana wangu."

"Na wewe ulipata nini?"

"Pengo."

Karani alijaza kurasa kumi na nne, akagonga mhuri: ALIONEWA. Babu alishukuru mpaka akatia aibu, akatoka akiacha vumbi jekundu sakafuni. Mfagizi alisonya, maana ndiyo kwanza ametoka kupiga deki.

Jumanne ilikwenda yote kwa mkulima wa shamba la bwana. Zama zake wakubwa walimbana mfalme akatia lakiri karatasi isemayo mtu huru asifungwe bila hukumu. Mkulima alikimbia kuwapasha habari wanawe, akarudishwa njiani na kuelezwa kwamba mtu huru ni mtu mwingine. Jumatano alikuja mama aliyeandamana kudai mkate hadi mfalme akaanguka. Wanaume waliandika haki za watu wote; alipouliza zake ziko ukurasa gani, walimwambia akapike.

"Karani, mume wangu anakufa," Mama Pacha alisema.

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Hiyo hukufundishwa?"

Karani alikuwa amefundishwa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloudhi. Alimpa maji ya kunywa, akaendelea na ukurasa wa sita.

Alhamisi aliingia mtu mwenye mnyororo mguuni. Bwana wake ndiye aliyeandika kwamba watu wote huzaliwa huru, na mtumwa huyu ndiye aliyemchongea kalamu. Alipoona Mama Pacha analia, aliinuka.

"Mpisheni dada huyu," alisema. "Wa kwake bado anapumua. Sisi tuna haraka gani?"

Wafu wote waliafiki. Karani alikataa kwa upole: kuruka foleni ni upendeleo, upendeleo ni ubaguzi, na ofisi ile ilianzishwa kupinga ubaguzi.

Ijumaa asubuhi ilikuwa zamu ya mzee aliyesikia redioni kwamba mataifa yote yametangaza haki za kila binadamu, na kesho yake akapelekwa kuvunja kokoto kwa lazima. Mkurugenzi alitoka kumshika mkono. Wiki moja, miaka elfu nne! Ripoti ilipelekwa juu siku hiyohiyo.

Saa tisa alasiri, wa zamani walipokwisha, Mama Pacha aliitwa dirishani. Karani alikuwa ameshafika ukurasa wa kumi na nne, mhuri mkononi, pale Baba Pacha alipotoka kituoni. Alivuka barabara bila kutazama magari, wala magari hayakumsumbua. Alijifuta miguu mlangoni.

"Saa ngapi?" mkewe alimuuliza.

"Nane na nusu. Nisamehe, nilijitahidi."

Mama Pacha alilia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha. Karani alisubiri amalize, kisha akaikunja fomu.

"Pole sana, mama. Lalamiko la kuzuiliwa limefungwa, kwa kuwa hazuiliwi tena. La kifo ni jipya, lina tarehe ya leo. Itabidi mwende mwisho wa foleni."

Foleni ya wafu wapya, walioonewa baada ya mumewe kukamatwa, ilipita geti, ikakata kona, ikavuka barabara na kuishia chini ya dirisha la seli. Walisimama hapo, Mama Pacha ameshika mkono wa mumewe, ambao ulikuwa umeshaanza kupoa. Ndani, mtu aliyeletwa mchana huo alikuwa akikohoa.

"Kaka," Baba Pacha aliita. "Una mke?"

"Ninaye. Kwani vipi?"

"Akikuletea chakula, mwambie awahi foleni."