Tangi la Mita Mbili

Kazini waliniita Mama Sabuni, na sikuwahi kulichukia jina hilo. Kwa miaka ishirini na sita nilisimamia chumba cha kufulia cha hospitali. Shuka likitoka na doa lilirudi ndani, na aliyelipitisha alilirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Sasa nimestaafu, nakaa kwa mwanangu na mkewe, na doa lililonishinda lilikuwa sebuleni, ndani ya tangi la samaki.

Tangi lenyewe lilikuwa dogo. Ungeweka mto wa kulalia kando yake, vingelingana. Mkwe wangu ni mfamasia, mtu wa matone na mizani, na maji yake ya chumvi aliyapima kama dawa ya kichanga. Humo alilea samaki wawili wa rangi ya chungwa, dume na jike, mwaka wa nne sasa. Chini yao kulikuwa na mchanga, na juu ya mchanga utando wa kahawia.

"Mama, huo hausuguliwi," aliniambia siku aliyonikuta na brashi mkononi. "Unataka walaji. Nimechagua konokono wadogo, hawa wanaojizika mchangani. Naanza na tisa."

"Tisa? Hao hata kikombe hawaoshi."

"Tangi dogo, chakula kidogo, mama. Nikiweka mlaji mkubwa atakomba kila kitu, halafu afe njaa. Tuvumilie mwezi, miezi miwili."

Nikasema sawa, lakini moyoni sikukubali hata kidogo. Mimi ni mtu wa mashine kubwa. Nguo zikizidi, unaomba ngoma kubwa zaidi. Tena nilikuwa nangoja wageni, wenzangu wa zamani wa kufulia, wanawake wanaoona doa kabla hawajasalimia.

Mkwe akaenda mafunzo ya wiki mbili, akaniachia kazi ya kulisha samaki. Siku ya pili tu nikavaa viatu nikaenda duka aliponunulia konokono wake. Mwenye duka alikuwa kijana wa miwani, mpole. Nikazunguka kwenye matangi yake mpaka nikamwona niliyemtaka: kiti cha pweza, yule mnyama wa bahari mwenye umbo la nyota, wa rangi ya mchanga, mikono mitano, mkubwa kuliko kiganja changu. Alikuwa anazama mchangani taratibu, na alipopita mchanga ulibaki mweupe.

"Huyo simtoi kwa tangi dogo," kijana akasema. "Anakula vijidudu vya mchangani. Mchanga ukiwa haba vinaisha, anakufa njaa, na akiozea humo anaharibu maji yote. Lenu lina urefu gani?"

Nikanyoosha mikono yote miwili mpaka vidole vikagusa rafu. "Mita mbili. Limechukua ukuta mzima."

Ukuta sijui niliuongeza wa nini. Aliitazama mikono yangu, akazitazama mvi zangu, akaamini.

Nilipomtia tangini, yule mnyama alijizika mchangani na sikumwona tena. Siku ya nne mchanga ulikuwa mweupe kama shuka la wodi. Wageni wakaja, wakasifu, nami nikazipokea sifa zote bila kubakiza. Mkwe aliporudi alipiga magoti mbele ya kioo, mkoba ungali begani.

"Konokono wangu wamefanya hivi, mama? Kwa wiki mbili?"

Pale ndipo ningesema. Badala yake nikamjibu, "Subira huvuta heri." Mpaka leo nikiusikia msemo huo masikio yananiwaka. Yeye alichukua daftari lake la tangi akaandika: konokono tisa, mchanga safi, tumshukuru mama kwa uangalizi.

Mwezi wa tatu konokono wakaanza kufa. Wakabaki sita, wakabaki wanne. Mkwe alipima maji asubuhi na jioni, akafuta hesabu zake akaandika upya. "Nafikiri nakosea kitu, mama," akawa anasema, na mimi namenya vitunguu. Akienda kazini nilikuwa nachomeka vipande vya chakula mchangani kwa kijiti, nikimtafuta yule mnyama nimlishe. Sikumpata.

Asubuhi moja tukakuta maji yamekuwa meupe kama ya wali. Jike alikuwa amelala ubavu, amekwisha. Mkwe akafyonza mchanga kwa mpira, ukatoka mkono mmoja wa kiti cha pweza, laini, unanuka.

"Huyu ametoka wapi?"

"Labda alikuja na konokono," nikasema.

"Basi yule wa dukani amenifanyia uzembe. Twende, mama." Dume tulimtia kwenye ndoo, nikaibeba mimi, yeye akaufunga ule mkono kwenye karatasi akaubeba. Njia nzima niliomba tukute duka limefungwa.

Lilikuwa wazi, na wateja watatu ndani. Mkwe akaufungua ule mkono kutoka kwenye karatasi, akauweka mezani. "Nilinunua konokono tisa kwako. Hiki kilifuata nini?"

Kijana akainama kuangalia, kisha akaniona. "Shikamoo, mama. Si wewe wa tangi la mita mbili? Mbona amekufa mapema hivi?"

Mkwe akageuka. Ningefurahi angekasirika. Aliitazama tu mikono yangu iliyoshika ndoo, muda mrefu, kisha akamgeukia kijana.

"Mimi ndiye niliyemtuma," akasema. "Nilimpa kipimo kibaya. Utanisamehe."

"Wewe? Unayepima mpaka tone?"

"Hata mimi nakosea."

Uso umeumbwa na haya, wanasema. Wangu siku hiyo ulitaka kuanguka. Na nitasema lililo baya zaidi: kwanza nilishukuru. Niliona mlango umefunguliwa, nikataka kuupita, nimwachie msichana huyo kosa langu, mimi niliyekuwa nawarudishia wengine mashuka yao.

Nikaitua ndoo mezani. "Hakunituma. Hakujua hata kama nilifika hapa. Nilidanganya mimi."

Wale wateja watatu wakaacha kutazama samaki. Kijana alivua miwani, akaifuta, akairudisha. "Haya," akasema taratibu. "Huyu aliyebaki nitamtunza mpaka maji yenu yapone. Nitawapa mchanga mwingine. Lakini safari hii, mama, nionyeshe tangi lilivyo."

Nikanyoosha mikono mbele ya watu wote, halafu nikaanza kuikunja, kidogo kidogo, mpaka nikaona imetosha.

Mkwe akaushika mkono wangu wa kushoto, akausogeza ndani zaidi.

"Hapo, mama," akasema.