Vigae vya Eric

Mambo yaliharibika Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi 2025, pale Nyanchama alipoulizwa kama nyumbani kwake kuna vigae, akajibu kwa fahari kwamba viko.

Alikuwa amelazwa kwenye gunia kando ya migomba, miguu imefura hata viatu vya mumewe havimwingii. Figo zilikuwa zimegoma. Huko Kisii mjini, mumewe Anyona aliambiwa serikali humlipia maskini kusafishwa damu, lakini kwanza watu wa serikali waje kuupima huo umaskini wake. Akaja msichana aitwaye Cynthia, leso puani kwa sababu ya harufu ya choo, tableti mkononi. Mnapikia nini? Mnalala wangapi? Ndani hakuingia. Angeingia angekanyaga udongo.

Vigae vilikuwa juu ya kaburi. Kijana wao Eric alikuwa fundi wa vigae Nairobi. Alipoanguka kutoka ghorofani, mafundi wenzake walileta mabaki ya kila rangi wakamtandikia wenyewe, hapo nyuma ya jikoni. Kwa mamake, Eric hakuwa ameenda popote. Alikuwa nyumbani, na mahali pake ndipo palipopendeza.

"Hivyo ni vya kaburi, madam," Anyona alisema.

"Mama ameshasema viko, mzee. Hii kitu haina mahali pa kaburi." Akabonyeza, ikaenda.

Majibu yalikuja kupitia kwa chifu. Boma la Anyona linajiweza, lijilipie matibabu.

Anyona akateremka mjini kukata rufaa. Mkubwa wa ofisi, mtu wa tumbo aitwaye Obwocha, alikuwa anakula kuku juu ya meza ya serikali, mafuta yanamfika kwenye saa ya mkono. Aliposikia habari ya kaburi alicheka mpaka akapaliwa. Kisha akasema kila mtu siku hizi analia umaskini, hata wenye kuzika watoto kwenye vigae.

"Watakuja kuangalia tena," alisema. "Wakivikuta, usirudi hapa kunisumbua."

"Nivitoe kwa mtoto wangu?"

"Mimi sijakwambia utoe. Nimesema wakivikuta." Akaunyonya mfupa, akautupa kwenye pipa.

Anyona alianza kulipokucha, kwa nyundo na jembe. Mafundi wale walijua kazi. Saruji ilikuwa imeshika. Damaris, jirani, alipita na kikapu chake cha majani chai, akaona, akageuza njia bila kusalimu. Mtu anayelibomoa kaburi la mwanawe hasalimiwi. Ndani, Nyanchama aliomba ageuzwe aelekee ukutani, lakini ukuta wa udongo hauzuii kitu. Alilisikia kila pigo.

"Eric amewakosea nini?" aliuliza, mumewe alipoingia na vumbi jeupe kwenye nyusi.

Anyona akamwambia hao watu wanakuja kesho. Kesho yake akamwambia vilevile. Ikawa ndiyo salamu yao ya asubuhi, mpaka Nyanchama akaacha kukojoa, halafu akaacha kuuliza. Wakamzika ubavuni mwa Eric. Wazee wa kanisa walipojitolea kumwekea walau saruji juu ya kaburi, Anyona aliwajibu vibaya sana, na watu wakasema laana ya kubomoa kaburi la mwana imeanza kazi.

Cynthia alirudi udongo haujakauka. Alikalia kiti cha plastiki cha matanga, ambacho kanisa lilikuwa halijakichukua, leso puani vilevile. Aliangalia rundo la vigae vilivyovunjika, akakipiga picha kile kitanda cha saruji cha kaburi la Eric kilichobaki chakavu, akabonyeza, akangoja. Kwa mara ya kwanza akatabasamu.

"Hongera, mzee. Sasa mmepita."

Anyona alikuwa amesimama katikati ya makaburi mawili, moja limechunwa, jingine bichi. Hakumpa mkono.

Msichana alisimama, akapangusa kioo cha tableti kwa ile leso, akaielekeza kwenye mlango uliokuwa wazi.

"Imebaki picha tu," alisema. "Mgonjwa ako wapi?"