Kiti cha Bijou

Félicien alikuwa msomi, na usomi ndio uliomponza. Chuo kikuu kilimwajiri kuhesabu panya wa msitu wa Masako, na mshahara ulikuja ulipojisikia. Akaapa kwamba binti yake Bijou, mwenye miaka sita, hatahesabu panya. Atasoma shule ile ya mtaa wa Makiso ambayo, watu walisema, watoto wake hutoka darasani na kupanda ndege.

Asubuhi ya mtihani wa kuingia alimjaribu mtoto kwa mara ya mwisho.

— Mbili na mbili, ngapi?

— Mbili ya nini? akauliza Bijou.

Félicien akatokwa jasho. Mtoto wa kuuliza maswali kwenye mtihani, jamani, atafika wapi? Akamwacha nyumbani na mama yake, Yolande, akaenda kuufanya mwenyewe. Hakuna aliyemzuia, alikuwa amevaa tai. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, akajisemea, akajikunja kwenye kidawati. Alijibu yote, na kwa mazoea ya miaka mingi akaandika juu jina lake mwenyewe.

Akawa wa kwanza. Majirani walimmwagia poda kichwani, kama anavyomwagiwa aliyepata diploma ya taifa, na kazi ya kueleza kosa ikawa ngumu kwa mtu mweupe namna ile. Mkuu wa shule, Madame Pélagie, hakutaka kusikia.

— Liste iko liste, papa. Kama haukuje lundi, kiti tunapatia mutu ingine.

Kiti kipotee? Thubutu! Yolande alimshonea mumewe sare ya shule, kaptula ya buluu na shati jeupe. Jumatatu Félicien alikaa mstari wa mbele, magoti yakigusa kidevu, akimtunzia mwanawe nafasi. Panya wa Masako wakapumzika.

Kwa wiki sita aliimba a, e, i, o, u. Wenzake walipotoka kucheza, yeye alibaki akitafuna kucha. Siku aliyopata tisa juu ya kumi alilia kwa sauti, na Madame Pélagie akaagiza mzazi wake aje.

Wazazi wa Félicien walikuwa wamezikwa Yanonge zamani. Yolande alikuwa kazini. Basi akaja Bijou, amejifunga kilemba cha mama yake.

— Kaa, mama, alisema Madame Pélagie mbele ya darasa zima, bila kucheka. Mutoto yako iko na akili, lakini hachezi. Iko naogopa. Iko naogopa nini?

Bijou alimtazama baba yake.

— Iko naogopa mimi nitakuwa nani.

Félicien aliona haya, haya ya kweli. Miaka sita alikuwa akimtazama mtoto huyu na kuona mwanamke wa miaka thelathini asiye na kazi. Hakuwahi kumwona Bijou mwenyewe.

Akainuka. Bijou akavua kilemba, akamkabidhi, akapanda kwenye kile kiti. Miguu yake haikufika chini.

— Bon, papa. Enda ku kazi.

Madame Pélagie alifungua mdomo kuitaja orodha, akaufunga. Félicien akatoka. Nyuma yake aliisikia chaki ya Madame Pélagie ikigonga ubao.

— Mbili na mbili, ngapi?

— Mbili ya nini? akauliza Bijou.

Félicien, amesimama chini ya dirisha na kaptula yake, akatokwa jasho tena. Hakurudi ndani.