Mpishi wa Chombo cha Anga

Shemeji yangu Anaeli hakunipenda tangu siku niliyohamia kwao Lemara, na mimi sikujisumbua kumbembeleza. Alikuwa na kibanda cha video ubavuni mwa nyumba: mabati, mabenchi, na mablanketi madirishani ili mchana uwe giza. Mwaka ule wa 1994 vibanda vya namna hiyo vilikuwa vinaota kila mtaa, lakini cha Anaeli ndicho kilichojaa. Si kwa sababu ya televisheni yake, iliyokuwa na mstari wa kijani katikati ya kioo. Ni kwa sababu ya mdomo wake. Filamu ilisema Kiingereza, naye alikaa mbele na maiki akiifasiri kwa Kiswahili.

Filamu iliyopendwa kuliko zote ilihusu chombo cha anga kilichopotea njia kati ya nyota. Nahodha wake, kwa maelezo ya Anaeli, alikuwa mwanamke aitwaye Kapteni Ndeshi, aliyemwacha mwanawe mgonjwa Duniani ili akamtafutie dawa kwenye sayari nyekundu. Watu walimlilia Ndeshi kama mtu wa mtaani kwao. Tatizo ni kwamba kanda ilikuwa imeliwa mwishoni. Dakika kumi za mwisho zilikuwa chengachenga tupu. Kila Jumamosi alasiri watu walitoka wakibishana: amefika, hajafika.

Mimi nilikuwa napiga picha katika studio moja Daraja Mbili. Niliamua kuutengeneza mwisho huo mwenyewe.

Kamera ya video sikuwa nayo. Zilizokuwepo mjini zilikuwa za harusi. Nilichokuwa nacho ni roli mbili za filamu ya slaidi alizoniachia mtalii mmoja aliyeshuka Mlima Meru. Kwa hiyo nikawaza picha zisizotembea, moja baada ya nyingine kwenye shuka jeupe, na mtu anasimulia. Nililitaja jambo hilo mezani.

"Picha zilizosimama?" Anaeli akacheka, ndizi mdomoni. "Unataka wateja wangu waje kutazama maiti? Wewe piga picha za pasipoti, shemeji. Hadithi niachie mimi."

Dada yangu Fransiska, mkewe, aliendelea kupakua, hakuinua macho.

Jumapili mbili mfululizo nilikwenda kwenye machimbo ya moramu, ule udongo mwekundu wa barabara, kule Moshono na wenzangu wawili wa studio, Rachel na Meshack. Tulivaa mifuko ya mbolea tuliyoipaka rangi ya fedha, na helmeti za pikipiki; pipa tupu likawa chombo. Mimi ndiye niliyekuwa Ndeshi. Roli zilikwenda Nairobi kwa basi kusafishwa, zikarudi slaidi arobaini na mbili. Projekta niliazima kwa Mzee Eliya wa Nkoaranga, bwana shamba mstaafu, aliyekuwa akiwaonyesha wakulima ugonjwa wa chulebuni kwenye kahawa. Tangu wanunuzi binafsi waingie, hakuna aliyemwita tena kuonyesha chochote.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Chukua, lakini kwanza nipeleke nikaione hiyo filamu yenyewe."

Nikampeleka. Alikaa nyuma, kofia magotini, mpaka mwisho.

"Binti," akaniambia barabarani, "yule mwanamke si nahodha. Ni mpishi wa chombo. Na hakuacha mtoto popote. Shemeji yako hajui Kiingereza hata cha kuombea maji."

Nilifurahi. Sitaki kudanganya, nilifurahi kama mtu aliyeokota kisu njiani. Nikakiweka.

Anaeli alikubali slaidi zangu zionyeshwe kwa sababu wateja walimsumbua. Habari za machimbo zilikuwa zimeshaenea. Lakini alitoa sharti: maiki haishikwi na mtu mwingine. Nikaandika maneno ya kila picha kwenye karatasi, yeye asome tu.

Siku hiyo watu walikaa mpaka chini. Picha ya kwanza ilipotokea, chombo kikiwa kimelala juu ya ardhi nyekundu, kibanda kizima kilivuta pumzi. Ya pili, ya tatu. Anaeli alisoma vizuri, kwa sauti nzito. Nilianza kudhani nimemdhania vibaya.

Kwenye picha ya nne akaikunja karatasi, akaikalia.

"Hapa sasa," akasema, "Kapteni amefika umri wa kuolewa na bado anaishi kwa dada yake. Anakula ndizi za shemeji bure. Ameamua kuja anga za mbali, labda huku atapata mume."

Kicheko kikapasuka. Nikamwambia kwa sauti ya chini, "Soma karatasi."

"Na ile helmeti, ndugu watazamaji, imeazimwa. Mwenye pikipiki anaitafuta."

"Anaeli, soma karatasi."

"Kapteni anasema na redio. Hakuna anayemjibu. Nani atamjibu?"

Watu walikuwa wanapiga mabenchi kwa mikono. Kwenye shuka nilikuwa mimi, nimepiga magoti kwenye moramu, picha niliyoipenda kuliko zote. Nikanyoosha mkono, nikachomoa waya wa maiki.

"Huyu hajui Kiingereza!" nikapiga kelele. "Siku zote anawabunia! Mwanamke wa kwenye filamu ni mpishi. Hana mtoto. Hakuna dawa. Hakuna Ndeshi!"

Projekta tu ilikuwa inavuma.

Marta, muuza vitumbua ambaye hakuwahi kukosa Jumamosi hata moja, alisimama. "Hana mtoto?"

"Hana."

"Sasa mimi nimelia kwa ajili ya nani?"

Hapo ndipo hasira ilipoanza. Benchi lilipinduliwa. Mtu akamwita Anaeli tapeli, mwingine akaniita mimi mchawi. Jiwe liligonga bati. Mablanketi yalivutwa madirishani, jua likaingia lote kwa pamoja, na picha yangu kwenye shuka ikafutika.

Walipokwisha kutoka, Anaeli alibaki amekaa pale pale, maiki iliyokufa mkononi.

"Jina Ndeshi umelitoa wapi?" akaniuliza taratibu. "Mtoto mgonjwa? Dawa? Sayari nyekundu? Katika hayo mapicha yako arobaini na mbili, nionyeshe moja ambayo haikutoka mdomoni mwangu. Mimi nimewaongopea, sawa. Wewe umeniibia uongo wangu, halafu umenishitaki."

Nilitafuta picha hiyo kichwani, moja baada ya moja, na sikuipata. Kwa hiyo nikaitukana televisheni yake.

Fransiska alikuwa ameshatoa begi langu kibarazani.

"Alianza yeye, dada."

"Alikucheka. Wewe umemvua nguo mbele ya watu wanaotulisha. Nenda, Pudensiana."

Nikapanga chumba Daraja Mbili. Kibanda kilikaa kitupu wiki tatu, nami nilihesabu kila wiki kwa raha. Wiki ya nne nilisikia kwamba watu wamerudi, na wa kwanza kuingia alikuwa Marta. Nikamfuata kwenye meza yake ya vitumbua.

"Si unajua sasa kwamba anabuni?"

"Najua," akasema akigeuza vitumbua. "Sasa napika nyumbani huku nawaza atabuni nini Jumamosi. Wewe ulitaka tubaki na nini, na mpishi?"

Mimi na Mzee Eliya tulizipeleka slaidi vijijini mlimani, kwenye maghala ya kahawa yaliyobaki wazi. Nilisimulia mwenyewe, bila maiki, nikisimama kando ya shuka. Walinisikiliza vizuri. Jina la Ndeshi nililiacha lile lile. Anaeli alituma neno kupitia kwa dada kwamba niliondoe. Nikatuma neno kwamba aje aliondoe yeye.

Hakuja. Alifanya lingine, na ni Marta aliyenieleza huku akijizuia kucheka: ndani ya chombo cha anga sasa kulikuwa na mtu mpya, wifi wa Kapteni, aliyepanda kwa siri na kamera shingoni.

Jumamosi nikaenda Lemara. Sikuingia. Nilisimama nyuma ya kibanda, sikio kwenye bati la moto. Anaeli alikuwa amempa wifi huyo sauti yangu, na lazima niseme aliipata kabisa, mpaka namna ninavyokohoa kabla ya kusema neno baya. Wifi aliiba mafuta ya chombo. Wifi alikata redio, mtoto Duniani akabaki anaita mama.

"Mtupe nje!" watu wakapiga kelele. "Mtupe!"

Akamtupa. Makofi yalitikisa bati mpaka likanitikisa na mimi.

Nikakunja ngumi, nikaligonga bati mara tatu kwa nguvu zangu zote. Nilimsikia Anaeli akipumua kwenye maiki.

"Msiogope," akasema. "Ni yeye huyo huko nje. Anagonga tumfungulie, hewa imemwishia."

Akangoja kidogo.

"Hatufungui."

Waliposhangilia, mimi nilikuwa nimeshafika barabarani, vifundo vya vidole vinatoka damu.