Picha Yenye Ukungu Katikati

Mimi sijivuni bure. Nikijivuna nina sababu, na sababu yenyewe ni picha moja ya rangi za maji niliyoichora kwetu Chawia, milimani Taita, mwaka wa hamsini na sita. Anayetaka kusema Loise ana maringo na aseme. Akutukanaye hakuchagulii tusi.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, sijaolewa, nakaa peke yangu katika nyumba ya shule. Kila Jumamosi, nikishafua na kuanika, naingia msituni. Siendi kuokota kuni wala kuchimba dawa. Natembea tu, polepole, mdomo nimefunga, nasikiliza matone yakidondoka kutoka kwenye majani. Naweza kusimama mbele ya mkuyu mmoja nusu saa nzima, nikitazama jinsi majani madogo ya kijani yalivyoliotea shina upande mmoja tu. Halafu narudi nyumbani mbio kabla jicho halijasahau, natoa rangi zangu nilizoagiza Mombasa, nachora.

Jirani yangu Dinah alinichoka. Kwetu mwanamke akiingia msituni hutoka na mzigo mgongoni, na mimi nilitoka mikono mitupu mchana kweupe, watu wakiniona.

"Loise, kuni ziko wapi?" aliniuliza siku moja.

"Nimeziacha zikue."

"Haya basi. Leo utapika ukungu."

"Karibu chakula cha jioni, Dinah. Ukungu wa leo una chumvi."

Alicheka mpaka akashika kiuno, lakini habari akazisambaza.

Kutembea vile sikujifundisha mwenyewe. Nilifundishwa na baba yangu, Mzee Mwandawiro. Jumapili Baba alikaa kwenye benchi la wazee wa kanisa, na siku nyingine zote alikuwa mtu wa nyumba inayotunza fighi. Fighi ni ule msitu mdogo ndani ya msitu, ambao wazee wetu waliuweka ulinde kijiji. Mti haukatwi pale, sauti haipazwi, na mahali penyewe hapaonyeshwi mgeni, hata kwa kidole. Nilipokuwa mdogo Baba alinipitisha njia ya pembeni akaniambia, "Weka wayo wote chini. Funga mdomo. Macho ndiyo yatangulie." Basi nikajua kutembea.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Gibson, ndiye aliyeiona picha kwenye meza yangu. Akaandikisha jina langu katika maonyesho ya michoro ya walimu yaliyokuwa yafanyike Voi. Picha itakayoshika nafasi ya kwanza ingepelekwa Nairobi, itundikwe mwaka mzima kwenye ukumbi mkubwa, na jina la mchoraji chini yake. Gibson hana siri. Jumapili iliyofuata kanisa zima lilijua, na jioni Baba akaja akasimama mlangoni kwangu bila kuingia.

"Nasikia umeuchora msitu," alisema. "Mpaka juu kabisa, pale pasipoonyeshwa?"

"Ingia uione, Baba."

"Niione ya nini? Nyumba ya babu zako unaianika ukutani, watu waitazame kama nguo dukani! Mwacha mila ni mtumwa, Loise."

Akageuka akaenda zake. Ningeweza kumkimbilia nikamweleza. Sikukimbia. Mimi nami nilipandwa na hasira. Mtu aliyenifundisha mwenyewe pa kukanyaga na pa kutokanyaga, leo anadhani nimesahau? Nikasema ng'o, simwelezi. Atatazama kwa macho yake au asitazame.

Miezi miwili hatukusalimiana. Kanisani alinipita kama benchi. Haki ya Mungu, iliniuma. Nairobi niliitaka, nisidanganye, lakini zaidi nilitaka mzee yule asimame mbele ya picha yangu aione.

Siku ikafika, mimi na Gibson tukashuka Voi, kwenye joto na vumbi jekundu ambalo mtu wa milimani hulizoea siku ya kurudi kwao. Ukumbi ulijaa. Ukutani kulikuwa na picha za vyungu vya maua, ng'ombe wanene kuliko ng'ombe yeyote wa Taita, na milima yenye theluji iliyonakiliwa kutoka kwenye kalenda. Mwamuzi alikuwa mwanamke wa Kizungu aitwaye Bi. Alice, mwalimu wa uchoraji kutoka Nairobi, na Kiswahili alikijua vizuri. Ng'ombe aliwapita bila kupunguza mwendo. Kwangu akasimama.

Alisimama muda mrefu mpaka Gibson akaanza kutokwa jasho.

"Hii ya nani?"

"Yangu," nikasema.

"Uliinakili wapi?"

"Kwa miguu yangu."

Akacheka, akaniomba radhi. Halafu akanyoosha mkono kuelekea katikati ya picha. Katika picha ile njia inaanzia chini kulia, inavuka kijito, inapanda kati ya mikuyu miwili, kisha inaingia kwenye ukungu. Ndani ya ukungu hakuna kitu. Ni karatasi nyeupe tupu, upana wa viganja viwili.

"Hapa hujamaliza," alisema.

"Nimemaliza."

"Lakini ni katikati, mwalimu. Jicho linapanda njia yote, linafika hapa, halikuti kitu. Nitakwambia waziwazi: hii ndiyo picha ya kwanza, hakuna nyingine. Ila siwezi kupeleka Nairobi picha ambayo haijakamilika. Ongeza miti. Una muda mpaka saa nane."

Kumwambia pale pana mahali pasipoonyeshwa ni kupaonyesha.

Gibson akanivuta pembeni. "Mwalimu Loise, miti miwili tu! Sema mitatu! Nani atajua?" Alikuwa ameshaleta glasi ya maji na brashi yangu. Na mimi, ngoja niseme kweli, nililowesha brashi. Nikachovya kwenye kijani. Mkono ukaenda mpaka karibu kabisa na karatasi. Kuchora mti si shida kwangu, ningeuchora nimefumba macho. Lakini kila mti uliokuwa kwenye picha ile nilikuwa nimesimama mbele yake mpaka miguu ikafa ganzi. Sasa niipandie miti ya uongo, tena pale? Baba asiponisemesha maisha yangu yote, angalau yeye angekuwa amekosea. Nikiongeza ile miti, angekuwa amesema kweli.

Nikaiweka brashi chini.

"Maji yako haya, Bwana Gibson. Kunywa, kuna joto."

Nilipoinua uso, Baba alikuwa mlangoni. Amevaa koti lake la Jumapili, vumbi mpaka kwenye nyusi, kwa sababu aliteremka juu ya lori la viazi. Kwapani alikuwa amebana gunia tupu. Nilijua mara moja la nini. Alikuja kuitoa picha ukutani, aifunge, aondoke nayo, na angeitoa hata kama ukumbi mzima ungemshika miguu.

Hakunisalimu, nami sikumsalimu. Akasimama mbele ya picha.

Baba hutazama kama anavyotembea. Alianzia chini kulia. Nikaona midomo yake ikicheza: kijito, jiwe la kuvukia, mkuyu uliovunjika tawi mwaka ule wa njaa. Akapanda njia taratibu, na kadiri alivyopanda ndivyo alivyozidi kulibana lile gunia. Akafika kwenye ukungu. Akangoja. Akatafuta kushoto, akatafuta kulia, akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi. Hakupata kitu.

Akavua kofia.

Bi. Alice akamkaribia kwa upole. "Unaona, mzee? Hapo hapajakamilika."

Baba aligeuka polepole. "Mama, picha hii ni ya binti yangu. Msitu huu nimeutembea miaka sitini. Nakwambia imekwisha."

"Lakini hapo hakuna kitu."

"Ndiyo," Baba akasema. "Hapo ndipo alipofanya kazi kubwa kuliko pote."

Mimi nikalia. Mbele ya watu wote, mwalimu mzima, nikalia kwa furaha na sikujificha uso.

Saa nane ilifika, chungu cha maua cha mwalimu mmoja wa Taveta kikashinda, kikaenda Nairobi. Yangu ilipata kadi ndogo iliyosema haijakamilika. Gibson alipigwa na butwaa, akabaki ameshika glasi, na Baba akamkabidhi lile gunia alitandike akae. Yeye mwenyewe hakukaa. Alijisimamisha kando ya picha, kofia mkononi, na kila aliyekatiza pale alimsimamisha: karani wa reli, mama Mkamba aliyekuja kuuza mayai, hata watoto. Mtu mmoja alimuuliza mbona katikati peupe. Baba akamjibu, "Kwa sababu aliyechora ana adabu," akamwonyesha mimi niliko, kwa kidole, bila haya.

Saa kumi na moja askari alikuja kufunga ukumbi. Wengine wote walikuwa wameshaondoka, lori la kuturudisha mlimani linapiga honi nje. Sauti ya Baba ilikuwa imekauka kabisa, lakini alimshika askari mkono akamvuta mpaka mbele ya picha.

"Ngoja kwanza kufunga," alimwambia. "Njoo uone kazi ya binti yangu."